Pazia la Bi Mwanaesha

Kila asubuhi Bi Mwanaesha alikunywa chai gizani. Stima ilikuwepo, ila taa ya mchana hakuitaka. Tatizo lilikuwa pazia.

Mwezi wa Idd, mwanawe Sufyan alimnunulia pazia la mahameli, zito kama godoro. Kwao, Idd bila pazia jipya haijawa Idd. Lakini nyumba yao ya mtaa wa Tudor iko ghorofa ya chini kabisa. Nje ya dirisha, madereva wa tuktuk hungoja abiria. Pazia likifunguliwa, wanamwona Bi Mwanaesha kichwa wazi. Basi likafungwa miezi mitatu.

Mji wa Kale, alikokaa kabla ya hapo, dirisha lake lilikuwa la vibao vyenye mianya. Alikaa nyuma yake akajua nani anapita, nani kanunua samaki, nani kanuniana na nani. Yeye hakuonekana. Goti ndilo lililomhamisha. Ngazi za kule zilimshinda.

Sasa hata kula hakutaka.

"Nirudishe kwangu," alimwambia Sufyan. "Ngazi nitazipanda kwa makalio."

"Na ukianguka, Mama?"

"Nitaanguka nimeshaona watu."

Kesho yake Sufyan alikwenda Bondeni kwa Sherali, fundi wa mapazia. Akamweleza yote. Sherali akamuuliza kama ile mahameli alimnunulia mama au wageni. Sufyan akajikuna kichwa.

"Watu husema kateni, wakadhani ni kitu kimoja," Sherali akasema. "Mama anataka mapazia mawili. Jepesi la mchana, zito la usiku. Mchana mwanga uko nje, kwa hivyo yeye atawaona, wao hawatamwona. Ukiwasha taa, mambo yanageuka. Hapo vuta lile zito."

Akamwonya pia asinunue kitambaa chenye upana sawa na dirisha. Kiwe mara mbili ya upana wake, kipate mikunjo. Kikinyooka sana, huonyesha ndani.

Pazia jepesi, jeupe, lilipotundikwa, Sufyan alitoka akasimama kati ya madereva. Aliona kitambaa tu. Upepo ulikuwa ukiingia.

"Sufyan," sauti ikatoka ndani, "huyo wa shati la buluu ni mtoto wa Akila, jirani yangu wa Mji wa Kale. Pua ile ile. Mwambie mamake namngoja."

Dereva akashika pua yake, akatazama dirisha. Hakuona mtu.

Ijumaa Akila alikuja na sahani ya mahamri. Mji wa Kale bado hutajwa kila siku. Lakini wawili hao walikaa nyuma ya pazia, na Tudor nzima ikaanza kusemwa.