Masharubu Kwenye Sahani ya Klachi

Itangazwe rasmi kwamba katika gereji hii hakuna aliyewahi kushika tochi kwa heshima kumzidi Injinia, binti wa miaka kumi na miwili, bingwa wa pikapu kuukuu na magonjwa yake yote. Jina hilo alijipa mwenyewe. Ubingwa wake ulikuwa kumulika pale baba yake, fundi, aliposema mulika.

Jumamosi hiyo mgonjwa alikuwa pikapu ya shangazi yake, nesi. Pedali ya klachi ilikuwa ngumu hivi kwamba shangazi aliikanyaga huku ameuma meno. Kivulini aliweka sanduku la chanjo lenye barafu, ambalo lilipaswa kufika zahanati ya mlimani kabla ya saa tisa. Barafu ikiyeyuka, chanjo zingeharibika, na watoto wachanga thelathini walikuwa wakizisubiri.

Baba alikuwa chini ya gari tangu asubuhi. Alishusha giaboksi, akatoa sahani ya klachi iliyolika ikawa nyembamba kama biskuti, akampa Injinia ile mpya aishike. Alimwonya aishike pembeni tu, kwani sahani hiyo hubanwa kati ya vyuma viwili, na ikipata grisi huteleza na gari halivuti.

Injinia aliitazama. Duara lile, na tundu lake katikati mfano wa pua, lilifanana mno na mwalimu mkuu wa shule yao. Kilichopungua ni masharubu tu. Alichovya kidole kwenye grisi, akachora masharubu ya heshima, akamwonyesha mdogo wake, ambaye alicheka hadi akakaa chini.

"Sahani," baba aliita.

Injinia aliifuta haraka kwa kitambaa kilichokuwa karibu, nacho kimelowa oili, kumbe anaipaka grisi uso mzima. Kisha akaipitisha chini ya gari na, kwa mara ya kwanza katika historia ya ubingwa wake, akamulika pasipotakiwa.

Tangu hapo hakutulia. Bolti ya kwanza ilipoingia alitaka kusema. Ya nne ilipoingia alijiambia amechelewa. Mara tatu alikwenda kuchungulia sanduku, hadi shangazi akamfukuza, akisema barafu haipendi wageni.

"Mbona tochi inachezacheza?" baba aliuliza.

"Mkono umechoka, baba."

Saa sita na nusu shangazi aliwasha gari. Pedali ilikuwa laini, akatabasamu. Lakini alipokanyaga mafuta, injini ilinguruma na gari likajikokota tu. Harufu ya kuungua ikajaa gereji. Shangazi alizima, akasema kwenye ule mlima lingemrudisha kinyumenyume.

Baba akampigia simu muuza vipuri, akamwambia ameuza takataka. Muuzaji aliapa kuwa sahani ilikuwa nzima. Baba akakata. Halafu akaushika mkono wa binti yake, akaugeuza, akaona grisi kidoleni.

"Sikukutuma kupaka grisi popote. Kidole hiki kilikuwa na kazi gani?"

Injinia alikiri. "Nilichora masharubu kwenye sahani, baba. Nikaifuta kwa kitambaa cha oili."

Hakuna aliyecheka, hata mdogo wake.

Giaboksi ikashushwa tena. Baba aliisafisha sahani kwa petroli, Injinia akaisugua kwa msasa mpaka vidole vikamwasha, na shangazi akakimbilia kwa jirani kuomba barafu zaidi. Saa nane na dakika kumi pikapu iliondoka bila kuteleza. Saa tisa kasorobo shangazi alipiga simu: amefika, na chanjo bado ni baridi.

"Ungesema palepale, tungeisafisha kwa dakika tano," baba alisema. "Umenyamaza, tumefanya kazi mara mbili, nimemtukana mtu asiye na kosa, na shangazi yako nusura apande mlima na gari bovu. Utakosea tena, kila fundi hukosea. Ila useme kabla sijafunga bolti."

Akampa simu. Muuza vipuri aliipokea kwa sauti ya mtu aliyenuna.

"Shikamoo. Sahani yako ni nzima. Mwenye kosa ni mimi, niliichora masharubu kwa grisi nikanyamaza. Naomba unisamehe, na baba pia anaomba."

Muuza vipuri alitaka kujua jambo moja tu.

"Masharubu ya nani?"

Injinia alimtazama baba yake, akakiri na hilo: ya mwalimu mkuu.