Usiwazike Kabla ya Kuwahesabu

Jumanne asubuhi theluji ilikoma. Leland Vavra alikunywa kahawa akiwa amesimama, akavaa mabuti, akatoka kuwatafuta ng'ombe wake. Mkewe, Arlys, alimfuata.

Yalikuwa majira ya kuzaa. Dhoruba iliwasukuma ndama hadi kwenye ua wa seng'enge, wakafia hapo, wamelaliana. Arlys alilia. Leland aliwasha trekta achimbe shimo.

Huku kwetu Nebraska, mfugaji haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ni sawa na kumuuliza ana pesa ngapi benki. Na wakifa, huwazika haraka kabla jirani hajapita akaona. Eti ni aibu! Aibu ya nini, wakati theluji haibishi hodi?

Arlys aliona mbali zaidi. Walikuwa wamekopa benki kununua nyasi kavu. Bila ndama wa kuuza, wangelazimika kuuza ng'ombe wenyewe, na huo ndio ungekuwa mwisho wa ufugaji wao. Akampigia simu jirani yao, Wendell Tvedt.

Wendell alikuja mbio, akasimama mbele ya trekta.

"Zima, bwana."

"Nipishe, Wendell. Sikukuita."

"Kaniita shemeji. Zima kwanza, utanitukana baadaye."

Leland akazima.

"Ukiwazika sasa, umezika na msaada wako," Wendell alisema. "Serikali huwalipa fidia wafugaji dhoruba ikiua mifugo. Lakini inataka ushahidi. Wapige picha, wahesabu, kisha uende ofisi ya kilimo ya kaunti mapema. Muda ukipita, basi tena."

"Mimi si ombaomba."

"Nani kakuita ombaomba? Kodi si unalipa? Mimi mwaka juzi nilijikaza kiume, nikazika wote. Ofisini nikafika mikono mitupu. Unakumbuka nilivyouza ng'ombe wangu?"

"Nilidhani umezeeka."

"Uzee wapi! Ulikuwa ujinga."

Arlys alicheka huku machozi yakimtoka.

"Sasa niambie, ndugu yangu. Wamekufa wangapi?"

Leland alishuka kwenye trekta, akawahesabu mmoja mmoja.

"Sitini na wanne," akasema.

Wendell akavua kofia. "Pole. Pole sana."

Walipiga picha pamoja. Wendell alikubali kuwa shahidi, kwa kuwa ofisi ilitaka mtu asiye na fungu katika mifugo ile. Baada ya hapo ndipo wakazika.

Kesho yake walikwenda ofisini. Mama mmoja aliyeitwa Rozanne aliwapokea vizuri.

"Mmefanya la maana kuja mapema," alisema. "Ila hatulipi yote. Ndama wachache hufa kila mwaka hata bila dhoruba, hao tunawatoa. Mna kumbukumbu za waliozaliwa?"

"Ninazo," Arlys akajibu. "Huyu angeziandika wapi?"

Hata Leland alitabasamu.

Malipo yalifika majira ya joto. Hayakufidia hasara yote, lakini deni la nyasi lililipwa. Arlys alimshukuru Mungu, akamshukuru Rozanne, kisha akaoka mikate ya matunda ya plamu. Leland akaipeleka kwa Wendell.

"Shemeji kaoka," Wendell alisema. "Na wewe umeniletea nini?"

Leland si mtu wa maneno. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Nimekuja kusema asante. Ng'ombe wangu wote wako malishoni. Sikuuza hata mmoja."