Nyoka Aitwaye Karibu

Nyoka hana kope. Hulala macho wazi, hufa macho wazi, na Kidawa alilijua hilo vizuri kuliko jina la baba mkwe wake. Kwa hiyo siku nyoka wake alipomtazama kupitia kioo, akafumba macho taratibu, kisha akayafumbua, Kidawa aliangusha bakuli.

Alikuwa nyoka mla panya wa jangwani, rangi ya mchanga, mabaka ya kahawia, na alama kama taji kichwani. Si wa nchi hii kabisa. Wafugaji wengi wa Johannesburg humsikia tu. Hana sumu ya kumtisha mtu. Kidawa alimpata akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, kwa mama mmoja mzee wa Midrand ambaye Kidawa alikwenda kumshonea mapazia. Akampenda, akamleta kwake Berea, mtaa wa hapohapo jijini, akampa jina Karibu. Watu wa ghorofani walisema mengi. Mwanamke Mwislamu, mhamiaji wa kutoka Buyenzi, eti anafuga nyoka! Eeh, anafuga. Mwenye wivu atafute wake.

Mwingine aliyeyaona macho hayo yakifumba ni Marcellin, kinyozi wa kutoka Uvira, aliyepanga chumba cha pili katika fleti ya Kidawa.

"Dada, ile nyoka yako iko inafunga macho," alinong'ona jikoni. "Nimeiona. Naapa."

"Nami nimemwona. Punguza sauti."

"Tuiue."

"Thubutu!"

Tangu hapo Karibu hakula. Panya wa kugandishwa aliyeyushwa, akapashwa joto, akawekwa mbele yake, akaachwa mpaka akanuka. Mbavu za nyoka zikaanza kuonekana chini ya magamba. Hilo ndilo lililomuuma Kidawa. Macho angeyavumilia, lakini mnyama wake alikuwa anamfia mikononi.

Kisha ikaja harufu ya udi mtamu, na chini ya udi, nywele zinazoungua. Kisha jioni moja umeme ukakatika jengo zima, na katika giza hilo cherehani yake ya umeme ikaanza kushona, polepole kama mtu anayejifunza, halafu haraka, halafu haraka zaidi, naye Kidawa amesimama na tochi ya simu, mpaka mashine ikanyamaza, akamulika, akakuta gauni la harusi la mteja limezibwa mikono yote miwili kwa uzi mweusi, na ndani ya mkono mmoja kuna kitu kinapumua.

Alilia. Kisha akakasirika, na hasira ya Kidawa majirani wanaijua.

Asubuhi akamleta Sheikh Fahad, tabibu mwenye duka la udi na kofia kule Fordsburg. Mzee alisoma, akafukiza, jasho likamchuruzika.

"Mwanangu, mnyama huyu anaitwa nani?"

"Karibu."

Mzee akaweka chetezo chini. "Na unamwitaje?"

"Nikirudi jioni kutoka kazini nafungua mlango, naita: Karibu! Karibu wangu!"

"Subhanallah! Mlango wazi, magharibi inaingia, nawe unaita karibu? Kuna aliyeitika."

Marcellin alijishika kichwa. Kidawa akauliza dawa yake ni nini.

"Muue nyoka. Huyo aliyeitika akikosa pa kukaa, atatoka."

"Hapana."

"Kidawa..."

"Sheikh, pamoja na heshima yako yote, hapana. Nyoka wangu hana kosa. Kosa ni jina, na jina nimempa mimi. Kama huyo aliyeitika ni mgeni, ataondoka kama mgeni. Kwetu mgeni husindikizwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi mtoe mpaka njia ya watu. Ila ukimuaga, chunga ulimi."

Kidawa akamtoa Karibu kwenye sanduku la kioo, akajivika shingoni. Lifti ilishakufa zamani, wakashuka kwa ngazi, yeye mbele, sheikh na Marcellin nyuma, na kila ghorofa nyoka akizidi kuwa mzito, akimbana koo, na sikioni mwa Kidawa sauti ya kike, Kiswahili cha Buyenzi kilekile cha shangazi zake, ikimbembeleza, polepole dada, mbona unanikimbiza, bado hatujazungumza, turudi juu nikushonee nguo.

"Tembea," alisema Kidawa kwa meno yaliyofungwa.

Wakafika langoni, wakalifungua.

"Nisindikize mpaka kwenye robot pale, zile taa za barabarani," sauti iliomba.

"Mwisho hapa. Kwaheri."

Uzito ukamshuka begani. Harufu ya udi ikasogea kuelekea barabarani, na mbwa aliyelala kando ya ukuta akalia na kukimbia. Imekwisha! Basi hapo Marcellin, ambaye alimwambia maneno yaleyale kila mteja aliyeinuka kwenye kiti chake cha saluni ya Yeoville, akafungua kinywa kwa adabu tu, bila kufikiri.

"Karibu tena."

Ole wake! Harufu ikageuka, ikarudi kwa kasi.

Kidawa alisimama katikati ya lango, miguu ameitanua, nyoka shingoni. "Wewe, sikia! Huyo ni mpangaji. Jina kwenye mkataba ni langu, na kwangu mpangaji halazi mgeni bila ruhusa. Sikupi! Leo sikupi, kesho sikupi, hata ukija na ukoo wako mzima sikupi! Toka!"

Akalibamiza lango. Kitu kikagonga chuma kutoka nje, mpaka vumbi likadondoka. Kidawa naye akagonga kutoka ndani, kwa kiganja, kwa nguvu zaidi. Wakasubiri. Hakikugonga tena.

"Dada, mi nahama," alisema Marcellin. "Leo hii hii."

"Hama. Ila usitarajie nikusindikize."

Akapanda ngazi. Alimweka panya mbele ya nyoka wake, akakaa sakafuni, hakumwita kwa jina lolote. Nyoka akatoa ulimi, akanusa, akala.