Gia Ndogo ya Mbele

Fundi alimharibia mpenzi wake baiskeli. Hakukata breki wala hakutoboa tairi, maana hakuwa muuaji. Alifanya jambo dogo la kifundi, na alilifanya kwa wivu. Mengine yote yalitoka hapo.

Walikutana kwenye mzunguko wa barabara karibu na soko, mchana, magari yakipigiana honi na kila mtu ana haraka zake. Mwanamke alikuwa amekwama katikati. Cheni ya baiskeli yake ilikuwa imechomoka na kuuma pindo la sketi yake ya bluu, na koti lake jeupe la duka la dawa lilikuwa limeingia grisi. Fundi alitoka kibandani kwake ng'ambo, akaibeba baiskeli nzima nzima. Kwa kuwa sketi ilikuwa bado imeumwa, mwenye sketi ikabidi afuate.

"Kaka, taratibu. Utanivua nguo barabarani."

"Basi tembea upesi."

Kibandani aliigeuza baiskeli juu chini, akainasua sketi bila kuichana. Kisha akaitazama ile baiskeli kwa huruma.

"Nani alikuuzia hii?"

"Kaka yangu."

"Mnapendana?"

"Kwa nini?"

"Naona kama alitaka ufe."

Mwanamke akacheka. Alikuwa mwembamba, lakini kicheko chake kilikuwa kinene, cha mtu asiyeogopa majirani. Alisema alikuwa mfamasia kwenye duka la kona, kwamba alichoka kuhesabu vidonge kutwa, na kwamba alitaka baiskeli ya kupanda mlima ule wenye mnara wa simu.

"Watu huchagua baiskeli kwa rangi, halafu huja kulia hapa," Fundi alisema. "Niambie kwanza unapita wapi, unataka mwendo gani, na magoti yako yakoje."

"Magoti yangu yanakuhusu nini?"

"Gia huchaguliwa kwa magoti, dada. Si kwa macho."

Akamweleza. Gia ya mbele, lile duara la meno linalozungushwa na pedeli, likiwa kubwa unakimbia kwenye tambarare lakini mlimani unakata pumzi. Likiwa dogo unapanda kama mbuzi, ila kwenye tambarare unazungusha miguu bure na wenzako wanakuacha. Njia ya kwenda mlimani ilikuwa na tambarare ndefu kwanza, kwa hiyo akamfungia la kati. Akamwonyesha pia jino zima linavyokuwa butu na pana, na jino lililokwisha linavyochongoka kama la papa. "Siku ukiliona hivi, niletee."

Kuhusu vikorokoro walibishana. Alimkubalia taa ya nyuma, kishikio cha chupa na tairi zenye vipande vipana vya kung'ata udongo. Kikapu alikataa.

"Kikapu cha nini? Unakwenda mlimani au sokoni?"

"Cha chakula."

"Chakula beba mgongoni."

"Na kengele?"

"Kengele ya kumpigia nani huko porini?"

"Ya kukupigia wewe nikipita hapa."

Akamfungia kengele. Tangu hapo kila asubuhi ilisikika mara mbili mbele ya kibanda, na Fundi aliacha alichoshika. Mchana mwanamke alipiga simu akiwa nyuma ya rafu za dawa, akinong'ona ili mwenye duka asimsikie.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula grisi."

"Basi usinibusu leo."

"Nitanawa kwa sabuni ya unga."

Penzi likakolea. Dada yake Fundi, ambaye ndiye aliyemlea na ambaye hakusifu mtu ovyo, alimkaribisha binti kwake, akamtazama akiosha vyombo bila kuombwa, akasema, "Huyu usimchezee."

Mfamasia akajiunga na kundi la waendesha baiskeli la Jumapili. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno waliyemwita Kepteni. Mle ndani alikuwemo mwendesha kreni, mrefu kupita kiasi, wakimwita Twiga. Baada ya miezi kadhaa, kwenye tambarare hakuna aliyeweza kwenda na Twiga isipokuwa Mfamasia. Wengine walibaki nyuma wakila vumbi, na wawili hao walikuwa mbele, bega kwa bega, wakipiga soga.

Fundi hakuendesha Jumapili. Kibanda kilijaa wateja siku hiyo. Aliona picha tu, ambazo Kepteni alizituma kwenye simu za watu wote. Katika picha moja Mfamasia amevaa fulana ya njano iliyomganda kwa jasho, ametupa kichwa nyuma, anacheka kile kicheko chake. Twiga anamtazama. Fundi aliikuza ile picha kwa vidole mpaka likabaki jicho la Twiga peke yake.

Jioni alipiga simu.

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Nani?"

"Wewe na huyo mlingoti."

"Aah. Alikuwa anasimulia njiwa aliyejenga kiota kwenye kreni yake."

"Njiwa ndiye wa kuchekesha hivyo?"

"Mpenzi, una wivu na njiwa?"

"Nauliza tu."

"Haya. Njiwa alikuwa jike, kama itakusaidia."

Haikumsaidia. Wivu ni kama mchanga kwenye viatu, unaweza kutembea nao lakini huwazi kitu kingine. Alianza kuhesabu muda ambao Mfamasia alichelewa kupokea simu. Alimnusa koti. Twiga alipoleta baiskeli kurekebishiwa breki, Fundi alimfanyia kazi safi huku akimjibu kwa kichwa tu.

Yakaja mashindano ya milimani katika mji mwingine. Kundi lingepeleka watu wanne, na Kepteni alitangaza Jumapili ya majaribio: tambarare yote, kisha mlima mpaka mnarani. Mwenye kuchelewa kufika chini ya mlima asingepanda. Mfamasia alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Aliacha sukari, akalala mapema, akaomba ruhusa kazini kabla hata hajachaguliwa.

"Nikagulie baiskeli kila kitu, mume wangu mtarajiwa," alimwambia Ijumaa. "Nimeiweka mikononi mwako."

Fundi aliisafisha, akaipaka mafuta. Halafu akaichomoa gia ya kati, akafunga ndogo, na kukata pingili za cheni ili isilegee. Alijiambia itamsaidia mlimani. Ilikuwa kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo aliyoishika. Nusu ya pili aliijua vizuri: kwa gia ile, kwenye tambarare, Mfamasia asingeweza kwenda na Twiga hata angezungusha miguu mpaka itoe moshi. Twiga angekwenda zake mbele, yeye angebaki nyuma na akina mama.

Hesabu ya baiskeli ilikuwa sahihi. Hesabu ya mtu ndiyo iliyomshinda.

Jumapili, walipotoka tu, Mfamasia alihisi miguu myepesi, akafurahi. Barabara ilipolala akaona inakwenda kasi miguu, si baiskeli. Kundi likampita mmoja mmoja. Twiga, aliyekuwa mbele, aligeuka, akamkosa, akarudi.

"Vipi, unaumwa?"

"Sijui. Haiendi."

"Nitakaa na wewe."

"Nenda, Twiga. Utachelewa."

"Nitachelewa. Kaa nyuma yangu nikukinge upepo."

Akamkinga upepo njia nzima. Walifika chini ya mlima Kepteni ameshafunga muda na kushika daftari kwapani. Mfamasia hakulia. Twiga aliinama kuangalia baiskeli.

"Nani amekubadilishia gia ya mbele? Hii ni ya watoto."

Mfamasia alipiga simu pale pale kando ya barabara.

"Umebadilisha gia yangu?"

"Ile ya zamani ilikuwa imekwisha meno."

"Imekwisha."

"Ndiyo, mpenzi. Nilikuonea huruma."

Mfamasia hakukata simu kwa hasira. Aliibonyeza polepole, kama anayezima taa.

Siku hiyo kengele haikulia mbele ya kibanda. Aliingia na baiskeli mkononi, fulana imekauka chumvi, akaangaza ukutani. Gia ya kati ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Akaitungua, akapitisha kidole gumba jino kwa jino.

"Butu," alisema. "Pana. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nisikilize."

"Nakusikiliza."

Fundi akafungua mdomo, na kila alilotaka kusema lilikuwa na jina la Twiga ndani yake.

"Ulitaka nibaki nyuma," alisema Mfamasia. "Hukutaka nife, tofauti na kaka yangu. Ulitaka nibaki nyuma tu." Akaondoka.

Simu hakupokea. Ujumbe hakujibu. Fundi alikonda, akawa anakaza skrubu mpaka zinakatika. Alikwenda kwa dada yake kutafuta pole.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," dada alisema, akiendelea kukunja nguo. "Ulimkosea mbele za watu. Unamwomba msamaha kwenye simu?"

"Nifanye nini?"

"Nenda ukaaibike."

Alikwenda Jumapili iliyofuata walipokusanyika. Alisimama mbele ya kundi zima na shati la kazini, akasema alichofanya na kwa nini. Hakupamba. Mfamasia alitazama chini. Twiga ndiye aliyejibu.

"Ulikuwa na haki ya kuniogopa. Nilimtaka. Nilimwambia siku ile ile ya njiwa, na alikuwa akinicheka mimi. Alisema ana mtu anayemfungia gia."

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi alimuuliza Mfamasia.

"Kwa sababu ilikuwa imekwisha. Na kwa sababu ungefanya kitu cha kijinga."

Miezi ikapita kabla hajarudi. Alipita kibandani kwa miguu, akiwa na koti lake jeupe, akakaa juu ya kigoda cha wateja.

"Bado nakupenda," alisema. "Inaniudhi, lakini ndivyo ilivyo."

"Nioe— nikuoe?"

"Hata kusema huwezi. Utanioa. Ila baiskeli yangu hutaigusa."

"Hata kuijaza upepo?"

"Hata upepo."

Fundi alikubali, akidhani itapita. Haikupita.

Wameoana na wanacheka. Lakini wivu ule ulikuwa na gharama, na hii ndiyo hesabu yake. Mashindano yale Mfamasia hakwenda, na mwaka uliofuata alikuwa na mimba, hakwenda tena. Twiga alihamia kundi jingine, na Mfamasia akapoteza mtu pekee aliyeweza kwenda naye sambamba. Kepteni na wenzake wanapeleka baiskeli zao kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye si hodari. Na kila Jumamosi, uani, mke wa fundi bora wa mtaa ule anageuza baiskeli yake juu chini na kufungua gurudumu kwa spana alizojinunulia, anakosea, anarudia, na mumewe amekaa mlangoni, mikono mapajani, anatazama.