Sabuni ya Mama Hyasinta

Kila Jumatatu, kabla ya kuingia darasani, tulipanga mstari ili Mwalimu Petronila akague kucha na kola zetu. Mwaka 1983 ukaguzi huo ulikuwa mateso. Kijijini kwetu, karibu na Kiabakari, sabuni haikuonekana dukani tangu Pasaka, na wengi tulifulia majani ya mpapai.

"Tereza, kola hii umesugulia sufuria?" Mwalimu aliniuliza. Darasa zima likacheka. Rafiki yangu Hyasinta, aliyesimama kando yangu, alikuwa na shati jeupe pee, na Mwalimu akamsifu mbele ya wote.

Wivu ulinikaba. Wakati wa mapumziko nikawaambia wenzangu, "Atakosaje kung'aa? Si chotara huyo? Wazungu wao wanawaleteaga sabuni kwa makatoni. Wameficha ndani."

Ulikuwa uongo mtupu. Babu yake Hyasinta alikuwa Mzungu wa mgodi wa dhahabu, lakini aliondoka kabla mama yake Hyasinta, Marcelina, hajaota meno. Hakutuma hata barua. Sabuni ile Mama Hyasinta aliipika mwenyewe. Jumamosi iliyotangulia mimi mwenyewe nilimsaidia kuchuja maji ya majivu na kukoroga mafuta ya ng'ombe jikoni kwake.

Mwaka mwingine maneno yangu yangeishia uwanjani. Mwaka ule wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha bidhaa, walikuwa wakisakwa. Wiki mbili nyuma mgambo walimchukua mwenye duka mmoja wakampeleka Musoma, na mkewe hakujua hata alipo. Watu waliongea kwa kunong'ona. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilitutia hofu.

Nilipotoka shule saa tisa, maneno yangu yalikuwa yameshafika kwa mgambo; niliwakuta watatu mlangoni kwa Mama Hyasinta. Walikuwa wakitoa vipande vya sabuni na kuvipanga kwenye vumbi.

"Nimepika mwenyewe, ndugu zangu," Mama Hyasinta alisema. "Waulizeni majirani."

Majirani wakatazama chini. Kisha mmoja akasema, "Machotara hawa! Siku zote wana siri na Wazungu wao."

Aliyesema hivyo alikuwa mama yangu.

Wakamfunga mikono kwa kamba ili wampeleke ofisi ya kijiji kungoja lori la Musoma. Hyasinta alinikimbilia akilia. "Tereza, waambie! Si ulikoroga na wewe?"

Nikarudi nyuma. Niliogopa wangenichukua na mimi. Nikawaangalia wakiondoka naye.

Nyumbani nilimkuta mama anapepeta mtama. Nikamweleza yote. Ungo ukamponyoka. Hakunipiga, na hilo liliniogopesha zaidi. Alinishika mkono tukaenda mbio hadi ofisi ya kijiji kwa Katibu, maana ngurumo ya lori ilishasikika.

"Shikamoo, Ndugu Katibu," nilisema. "Nilidanganya. Hii sabuni tulipika na Mama Hyasinta."

"Mlipika vipi?" Katibu Leodgar aliuliza, uso umekunjamana.

Nikamweleza: majivu ya maganda ya ndizi, kopo lenye matundu, mafuta kutoka buchani, uzi wa kukatia. Katibu akavunja kipande kimoja. Ndani kulikuwa na chembe nyeusi za majivu. Akanusa, akakunja pua.

"Mfungueni," akasema.

Mgambo mmoja akafoka, "Basi huyu mtoto achapwe!"

"Uongo wake ni wake, na ataomba radhi mbele ya shule nzima," mama alijibu. "Lakini angenisema mimi, mngekuja na kamba moja kwa moja? Mngeulizaga kwanza. Na mimi nilichochea pale mlangoni kwake." Akamgeukia Mama Hyasinta. "Mwenzangu, mzee Magige alimtolea mama yako ng'ombe wa mahari, akakulea. Kwa desturi yetu mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Wewe ni wa nyumba ya Magige, wa hapa hapa. Nalijua hilo tangu utoto, na bado nilikuwa nakuitaga chotara. Tereza amedanganya leo tu. Sisi tulishamzoesha kila mtu kuamini mabaya juu yako. Nisamehe."

Mama Hyasinta alikuwa akisugua alama za kamba mikononi. 

"Nina jina," alisema. "Kesho uniite Marcelina kisimani, wote wakisikia. Hapo ndipo nitajua umeomba radhi."