Chumba cha Kamba

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Machi, mwaka 2014, saa moja asubuhi, mshonaji mmoja aliketi mbele ya cherehani yake na kuanza kuota akiwa macho.

Ilikuwa kawaida yake. Mguu ulikanyaga, kitambaa kikateleza chini ya sindano, na mawazo yakaenda zao. Asubuhi hiyo aliiona baraza ya mbao mbele ya nyumba yao. Aliziona mbao za rangi ya asali, ngazi tatu pana, na kingo zilizopakwa rangi nyeupe. Juu ya baraza aliketi mama mkwe wake, akitabasamu, upepo ukicheza na ncha za mtandio wake.

Picha hiyo hakuibuni mwenyewe. Aliiona kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka ulipokwisha, aliukata ukurasa ule kwa mkasi, akauhifadhi ndani ya droo ya nyuzi.

Katika chumba cha pili, mama mkwe alikuwa dirishani. Miezi tisa iliyopita alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo alitumia kiti cha magurudumu. Mikono yake ilikuwa na nguvu bado, kwa maana kwa miaka thelathini alifanya kazi katika kitalu cha miche, akibeba ndoo za maji kutwa. Lakini sakafu ya nyumba ilikuwa juu ya ardhi kwa nusu mita. Ili atoke nje, ilibidi watu wawili wamnyanyue, mmoja huku na mwingine kule. Mwanzoni aliomba kutolewa kila siku. Kisha kila wiki. Sasa hakuomba tena.

"Niacheni tu," alisema. "Mimi si gunia la unga, la kushushwa na kupandishwa."

Hilo ndilo lililomkosesha mshonaji raha. Aliogopa kwamba mama atabaki kwenye fremu ya dirisha siku zake zote, akiutazama ulimwengu kama mtu anayetazama picha.

Mume wake aliingia. Alikuwa mwokaji mikate, mtu wa kufanya kazi usiku na kulala mchana. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga.

"Mkandarasi anakuja leo," mshonaji alimnong'oneza. "Mama asijue. Nataka iwe siri mpaka baraza ikamilike."

"Mkandarasi wa nini? Rafiki yangu kazini ana shemeji yake fundi. Wiki moja tu, kazi kwisha."

"Ana mchoro?"

"Mchoro wa nini, mke wangu? Si unamwonyesha hiyo kalenda?"

Mshonaji aliinamia cherehani. Kwa kweli, yeye pia alikuwa amepanga kuonyesha kalenda.

Mkandarasi alifika saa nne. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiyeachana na futi yake ya kupimia. Ndiyo maana watu walimwita Bi Futi. Aliutazama ukurasa wa kalenda kwa muda mrefu.

"Inapendeza," alisema. "Ni ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu, anatumia kiti cha magurudumu. Lakini hajui. Ni zawadi."

"Anataka kukaa upande huu wa barabarani?"

"Nadhani. Ataona watu wakipita."

"Na akichoka kukaa juu, atashukaje chini? Kiti chake kinateremka ngazi?"

Mshonaji aliutazama tena ule ukurasa. Katika ndoto zake zote, mama alikuwa ameketi. Hakuwahi kumwona akienda popote.

Bi Futi aliyageuza macho kwenye cherehani. "Dada yangu, bibi harusi akija kwako, unamkatia gauni bila kumpima?"

"Hata siku moja! Nampima, nakata, napiga bandi kwanza, naye analijaribu. Ndipo ninaposhona."

"Kwa nini upige bandi?"

"Kwa sababu uzi wa bandi unafumuliwa bila hasara. Kitambaa kikishashonwa vibaya..." Aliitazama kalenda, kisha akatazama mlango wa chumba cha pili. "Ee. Nimekata bila kupima."

"Bado hujakata," Bi Futi alisema. "Twende kwa mwenye gauni."

Siri iliishia hapo. Mama mkwe alisikiliza maelezo yote, mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo mtanitoa kwenye dirisha la ndani, mniweke kwenye dirisha la nje," alisema hatimaye.

"Sivyo, mama!"

"Sikugombezi, mwanangu. Najua umenifikiria kwa mapenzi. Lakini hujaniuliza."

Bi Futi alitoka akaleta vigingi na bunda la kamba nyeupe. Alivipigilia vigingi ardhini mbele ya nyumba, akazungusha kamba, akaacha uwazi mmoja.

"Hii ndiyo baraza yenu, na huu ndio mlango," alisema. "Kamba hizi ni bandi. Kwa siku saba, kaeni humu. Kuleni humu, pigeni soga humu. Kinachobana kitajisema. Kuhamisha kamba ni bure. Kuhamisha nguzo ni balaa."

Mwokaji alicheka. "Tunajenga au tunafunga mbuzi?" Hata hivyo alimwita jirani mmoja, wakamnyanyua mama wakamteremsha.

"Gunia limeshuka," alisema mama mkwe, bila kucheka.

Ilikuwa ajabu kuishi ndani ya kamba. Nuru ilipita katikati ya kuta ambazo hazikuwapo. Kila mtu aliingia kwa mlango, ingawa angeweza kuvuka popote. Kuku wa jirani alipokatiza ukutani, mama mkwe alimkemea: "Huyu hana adabu, hata hodi hapigi!" Mshonaji alikuja na kazi yake ya mkono, akaketi kando. Wakati mwingine alifumba macho, akahisi kwamba chumba kile kinaelea, na kwamba wakiikata kamba moja kitapaa nao wakiwa ndani.

Siku ya kwanza ilipokwisha, mama mkwe alisema, "Nimehesabu. Wapita njia wamenipa pole thelathini na moja. Nikikaa barabarani hapa mwaka mzima, sitakufa kwa nyonga. Nitakufa kwa pole."

Siku ya pili walikuja majirani wanne, wakapiga soga mpaka adhuhuri. Dirisha la chumba cha kulala likafunguka kwa kishindo. Mwokaji akatokeza kichwa, macho mekundu.

"Jamani! Mimi nimeoka mikate mia nane usiku kucha!"

"Usitugombeze sisi, baba," mama yake alimjibu. "Hapa ndipo mlipotaka kunijengea."

Mwokaji alizitazama kamba chini ya dirisha lake, kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hakusema tena neno mbuzi.

Jioni mshonaji alipiga magoti mbele ya kiti cha mama. "Mama, sasa nauliza. Ungetaka iwe wapi?"

Mama mkwe aliitazama miguu yake. "Kila alfajiri naota ndoto moja," alisema. "Naota naenda bombani, kule nyuma, kwenye matuta yangu ya miche. Nafungua maji. Nahisi baridi miguuni. Kisha naamka, na miguu imekauka. Mwanangu, sitaki kutazama watu. Nataka kufika bombani."

Asubuhi yake kamba zilihamia nyuma ya nyumba.

Huko kila siku ilileta jambo lake. Mlango wa jikoni ulifunguka kwa nje, ukakigonga kiti. Bi Futi aliandika kwamba utageuzwa ufunguke kwa ndani. Kiti kilipotaka kugeuka, magurudumu yalivuta kamba. Bi Futi alipanua mpaka kukawa na mita moja na nusu kila upande, ili kiti kizunguke bila kugusa kitu. Siku ya sita mvua ilinyesha, na maji ya paa yakamwagika katikati ya chumba cha kamba. Aliandika kwamba mfereji wa bati utafungwa ukingoni mwa paa.

Palibaki suala la kushuka. Bi Futi alipima kwa hatua njia ndefu ya mteremko, kutoka kizingitini hadi karibu na bomba.

"Mita sita?" Mwokaji alishtuka. "Nusu mita tu ya kushuka, njia mita sita? Weka mita mbili, tubakize uwanja."

Bi Futi hakubishana. Aliegemeza ubao mpana wa mita mbili kwenye kizingiti. Kisha akaomba kile kiti, akapakia juu yake gunia la unga.

"Msukume mama yako," alisema.

Mwokaji alisukuma. Katikati ya ubao alianza kutweta, na gunia likaanza kumrudia kifuani. Mke wake alikimbia kumsaidia.

"Sasa mteremshe."

"Ah, hapana. Kitanikimbia."

"Na huo ni unga, haujui kuogopa," Bi Futi alisema. "Kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iende sentimita kumi na mbili. Hapo mama atapanda kwa mikono yake mwenyewe, bila kumwita mtu."

"Mita sita," mwokaji alikubali, akijifuta jasho. "Uwanja wa nini!"

Baada ya hapo Bi Futi alichora mchoro wenye vipimo vyote. Aliupeleka kwenye ofisi ya ujenzi ya mtaa, ikathibitishwa kwamba baraza haitavuka mpaka wa jirani, na kibali kikatolewa. Ndipo akaleta mkataba.

"Soma kwa sauti, dada," alimwambia mshonaji. "Sina haraka."

Mshonaji alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Karatasi ilieleza kazi itakayofanywa, aina ya mbao, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Ilieleza kwamba malipo yatatolewa kwa hatua, kila hatua baada ya kazi yake kuonekana. Ilieleza pia kwamba badiliko lolote litaandikwa na kusainiwa na pande zote kabla ya kufanywa. Kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa ngazi tatu."

Bi Futi aliinama akatazama. "Loo! Hilo limebaki kutoka kwenye ile picha ya kalenda. Nimepitiwa. Afadhali umesoma." Alilifuta, akaandika mteremko wa mita sita, na wote wakatia saini pembeni.

Mshonaji aliweka kalamu mezani. Angesaini bila kusoma, zile ngazi za kalenda zingerudi kupitia mlango wa nyuma.

Kazi ilianza Jumatatu. Mshonaji alikuwa akiacha cherehani na kwenda kutazama.

"Mbona nguzo hamzizamishi udongoni?" aliuliza.

"Udongo unakaa na maji, na kwenye maji mbao huoza," Bi Futi alimweleza. "Tunamwaga zege kwanza, tunafunga chuma juu yake, nguzo inakaa kwenye chuma. Na mbao hizi zimetiwa dawa ya mchwa. Kati ya ubao na ubao naacha nafasi ndogo, maji yapite. Pale baraza inapokutana na ukuta naweka bati, mvua isipenye kuingia ndani."

Siku ya kumi na nne aliwaita wote. Walikagua pamoja, mchoro mkononi. Mwokaji aliruka mara tatu juu ya mbao. Mshonaji alitikisa kingo za kushikilia, mmoja baada ya mwingine. Ukingo wa mwisho ulilegea, nao ukakazwa papo hapo. Ndipo malipo ya mwisho yakatolewa.

Kesho yake, alfajiri, mshonaji aliamshwa na sauti asiyoijua. Ilikuwa sauti ya magurudumu juu ya mbao, laini na ndefu, kama ngoma inayopigwa ndotoni. Alitoka mbio bila viatu.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta. Mama mkwe alikuwa tayari katikati ya mteremko, akishuka polepole, viganja vikiyabana magurudumu. Mshonaji alinyoosha mikono ili amshike. Kisha akairudisha, akaiweka kifuani.

Kiti kilifika chini. Kilizunguka mara moja, kikaenda mpaka bombani. Mama alivua kandambili zake, akafungua maji, akayaacha yamwagikie miguu. Alifumba macho. Maji yalizungumza peke yake.

Wakati huo mwokaji alifika kutoka kazini, akazunguka nyuma ya nyumba. Aliwaona, akasimama, mkate mkononi.

Mama mkwe alifumbua macho. Aliitazama miche iliyonyauka, akamtazama mwanawe na mkwewe.

"Miezi kumi," alisema. "Mlikuwa mnainywesha kwa macho?"

Hapo akacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Akaipigapiga mikono ya kiti chake.

"Haya, semeni wenyewe. Gunia limeshuka lenyewe!"

Nawe uliyefika mwisho wa hadithi hii, usiifungie kabatini. Mtafute jirani anayewaza kuongeza chumba au baraza, umsomee. Akikuuliza aanzie wapi, mpe vigingi vinne na bunda la kamba, na umwambie amuulize kwanza yule atakayekaa humo.