Roza Tisa Kutoka Bambu

Kila asubuhi, mbele ya kwenda masomo, Estelle alifagia kiwanja, akaosha sufuria, kisha akabeba bidon mbili kuteka maji ya bomba kwenye robine ya Rwambuzi. Foleni ndefu, matusi, kusukumana. Juma hilo mama yake, Suzanne, akamwongezea kazi.

"Hizi roza, kila siku umwage mayi yote, utie ingine. Siku ya posho, hii Jumamosi, tunatosha kilio ya papa yako, tunamaliza matanga kule makaburini. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Zilikuwa roza tisa, maua ya waridi yaliyokatwa, ndani ya chombo cha maji mezani. Papa yake, Anaclet, alizipanda mwenyewe kwao Bambu. Sasa mwaka umepita tangu afe. Tantine Valérie, dada ya papa, alizileta Jumatatu kwa pikipiki. "Hakuna zingine," alisema. "Wachimba dhahabu wamegeuza kiwanja yote mashimo."

Estelle hakumwaga maji. Amwage maji aliyoyabeba kichwani, aliyoyapigania? Kila asubuhi aliongeza kikombe kimoja juu ya yale ya zamani, basi. Mama akiuliza, "Umebadilisha?" anajibu, "Ndiyo, mama." Chombo kimejaa, nani atajua?

Ijumaa alipotoka masomo, harufu ilimpokea mlangoni. Maji yalikuwa ya kijani, yanateleza kama kamasi. Majani ya ndani yameoza. Roza zote zimeinama. Aliinua moja kwa kidole, ikaanguka tena. Akajaribu kuifunga na uzi, shingo ikakatika.

"Weye umeua maua ya papa!" Plamedi, ndugu yake mdogo, alikuwa nyuma yake.

"Funga kinywa! Nitasema ni weye ulizipiga na balo yako ya kucheza."

"Miye sikugusa!" Plamedi akaanza kulia kweli.

Estelle akamwangalia mutoto wa watu analia bure. Akashindwa kumsingizia. Soko zima la Bunia halina roza ya papa. Akakaa chini sakafuni, akalia mpaka sauti ikakauka.

Mama akamkuta hapo. Alikuwa na jirani yao, mama Monique, anayepamba maua kanisani.

"Mama, nilikudanganya. Sikumwaga hata siku moja."

Mama hakumpiga. Aliweka tu mkono kinywani. Heri angempiga.

"Weye, utalia kesho," mama Monique alisema. "Leta kisu kikali na sabuni. Mbio!"

Alikata kila mguu wa roza kwa mshazari, akaondoa majani ya chini. "Unaona? Huku chini kumeoza, kumezibika. Iko ndani ya mayi na inakufa na kiu." Estelle alisugua chombo mara mbili, akakimbia robine, akapiga foleni bila kunung'unika. Wakaviringisha roza katika karatasi za gazeti ili shingo zisimame, wakazitia ndani ya ndoo ya maji ya vuguvugu.

Asubuhi, tano zilikuwa zimesimama. Zingine zilikufa.

Makaburini tantine Valérie alizitazama. "Zingine ziko wapi?"

Estelle akapiga hatua moja mbele.

"Niliziua miye, tantine. Nilikuwa na uvivu, nikadanganya."

Mama akamvuta karibu, mbele ya watu wote.

"Uvivu, tungeuponya," alisema. "Ungeniambia umechoka, tungebeba bidon siye wawili. Lakini uliniambia 'ndiyo', na miye nikalala na amani, maua iko inaoza mezani. Mwanangu, kazi ikikushinda, sema ingali mapema. Uongo unatufunga mikono siye wenye tungekusaidia."

Akampa roza zote tano aziweke yeye juu ya kaburi la papa.